Jiwe la Mlangoni kwa Meya

Suruali zote za Meya nazishona mimi, na kila anapoleta kitambaa kipya napunguza kiuno kidogo tu, ili aendelee kuamini kwamba ananenepa. Ameacha sukari. Ameacha mkate. Juzi mkewe kaniambia kwamba siku hizi mzee anakimbia asubuhi kuzunguka bustani ya kijito, nami nikampa pole huku nimeinamia cherehani asione ninavyocheka. Hicho kilikuwa kisasi kidogo, cha kunisogezea siku. Kile kikubwa nilikuwa bado nakingojea.

Meya si meya. Hajawahi kuchaguliwa kuwa chochote zaidi ya mwenyekiti wa wakazi wa mtaa wetu, lakini anatembea kama mtu anayekagua gwaride, ndiyo maana jina likamganda. Zamani, mimi nikiwa shule ya msingi, ndiye aliyesimamia kazi ya kukisafisha kijito. Wakati huo kingo zote zilikuwa zimepangwa mawe makubwa ya kijivu ya kufulia, na kila mama dobi alikuwa na jiwe lake ambalo mwenzake hathubutu kuligusa. Mama yangu alinilea juu ya jiwe lake. Nililala mgongoni mwake akifua, nikajifunza kusimama nikilishikilia. Meya akaja na vijana wenye mitaimbo, akawaambia akina mama wanauchafua mji, na mawe yakang'olewa mbele ya macho yao. Moja nililiona likipakiwa kwenye mkokoteni, likiwa zima, likasukumwa hadi kwake. Mpaka mwaka huu lilikuwa ngazi ya mlango wake wa mbele. Lina bonde laini lililochimbika kwa miaka ya kusuguliwa nguo, na hapo ndipo alipokuwa akikanyaga kila asubuhi na viatu vyake vya kung'aa.

Mama hakulia siku ile. Alikunja nguo mbichi, akanishika mkono tukaondoka, na tangu hapo hapiti njia ya nyumbani kwa Meya. Hata akienda zahanati anazunguka soko zima, na magoti yake ni ya kukokota. Nikimuuliza ananijibu, "Achana nayo." Mimi si mtu wa kuachana na mambo. Nilitaka jiwe la mama lirudi kijitoni akiwa bado hai, na nilitaka Meya aling'oe kwa mikono yake, mtaa mzima ukimtazama.

Nafasi ikaja pale manispaa ilipokubali kuifufua bustani, kwa sharti moja: wakazi tukubaliane mpango. Kijito chenyewe kilikuwa kimebaki mfereji wa chupa na magugu, na daraja la mawe la wazee limeota miti. Tukawa tunakutana Jumamosi asubuhi darasani, watu wazima tumebanwa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu. Msanifu wa manispaa alituletea mchoro wenye watu wembamba wasiofanana na mtu yeyote mtaani kwetu, kila mmoja anavuta mbwa. Mmoja akataka chemchemi yenye taa za rangi. Mwingine akataka kingo zimwagwe zege, yaishe. Mwalimu mstaafu, ambaye ndiye katibu, akataka ngazi za kushukia majini na daraja virudi vilivyokuwa, akatuhutubia mpaka watu wakaanza kusinzia. Fundi baiskeli akasema maji yaachwe yapite yanavyotaka, Meya akamwambia akazibe pancha zake, na kikao kikavunjika kwa kelele kama kawaida.

Hapa lazima niseme habari ya kanuni yetu. Miaka ya nyuma mtaa ulijaa watu hodari wa kuwapangia wenzao kazi, mmoja akidai nyua za watu zikatwe ilhali ua wake umeziba njia nzima. Tukachoka, tukapitisha kwamba mwenye hoja huanza kwake. Unachotaka watu wafanye, ukikubaliwa, unakifanya wewe kwanza, nyumbani kwako, wote wakiona. Kanuni hiyo hatujaivunja hata mara moja, nadhani kwa sababu tunapenda sana kumtazama mtu akianza.

Basi Meya alipokuja kujaribu suruali, nikamvisha kilemba cha ukoka.

"Mzee, wewe ndiye unayejua historia ya mtaa huu," nikamwambia, pini mdomoni. "Wengine wanabwabwaja tu."

"Historia ndiyo roho ya mji," akasema, akivuta tumbo ndani.

"Sasa itakuwaje bustani ya kihistoria bila mawe yake? Watu wameyageuza viti. Fundi baiskeli anayo mawili, wateja wake wanayakalia. Angekuwepo mtu mwenye ubavu wa kusema kila jiwe lirudi..."

Nikaona macho yanamng'aa. Fundi baiskeli alikuwa mwiba wake wa siku nyingi. Akaniambia kiuno kinabana, nikamwambia ajikaze, vyakula vya jioni hivyo.

Jumamosi ile akasimama, akakohoa, akatoa hoja kana kwamba ameipata kwenye ndoto. Kila jiwe la kijito, popote lilipo, kwa mtu yeyote, lirudishwe bustanini. "Hata kama mtu amelikalia!" akamalizia, akimwangalia fundi baiskeli. Nilikuwa wa kwanza kuunga mkono. Mikono ikainuka darasa zima.

"Imepita," mwalimu akasema. "Nani ana la kuongeza?"

Nikasimama.

"Mwenye hoja huanza kwake. Na ngazi ya mlango wa Mwenyekiti ni jiwe la kufulia. Nililiona likipelekwa, nikiwa na sare ya shule."

Nilikuwa nimemwandalia majibu ya kila uongo atakaousema: kwamba alilinunua, kwamba si lenyewe, kwamba mimi nilikuwa mtoto. Hakusema hata mmoja. Alikaa kwenye dawati, akawa anaitazama mikono yake. Mimi nikasema moyoni, hatia hiyo inamkaba. Nilifurahi waziwazi, sioni haya kukiri.

Jumamosi iliyofuata tukakusanyika mlangoni kwake. Mkewe alisimama dirishani, amekunja mikono. Meya alivua koti, akapokea mtaimbo, na watu walipotaka kumsaidia akawakataza. Alilichokonoa lile jiwe taratibu, akifuta udongo kwa kiganja, hata fundi baiskeli akanong'ona, "Huyu anang'oa jiwe au jino la mtoto?" Jasho lilimchuruzika. Shati lilimtoka kwenye suruali. Kila tone la jasho lake nililihesabu kuwa la mama yangu. Likapakiwa kwenye mkokoteni, akausukuma mwenyewe mpaka kijitoni, sisi nyuma yake, mimi karibu kuliko wote.

Mama alikuwa anatungoja huko. Nilikuwa nimempeleka asubuhi, kwa njia yake ileile ndefu, nikamkalisha kwenye kigoda bila kumwambia kitu. Jiwe liliposhushwa nikamshika mkono.

"Mama, njoo. Jiwe lako hili hapa."

Alilisogelea, akapiga magoti kwa shida, akapitisha viganja vyake vilivyopinda juu ya lile bonde. Akapitisha tena. Halafu akatikisa kichwa.

"Hili si langu."

"Mama, angalia vizuri."

"Mwanangu, nifundishwe jiwe langu? Tazama bonde lilivyoelekea. Huyu alikuwa anafua kwa mkono wa kushoto." Akamwinulia Meya macho. "Hili la mama yako."

Meya, ambaye miaka yote ametusimulia kwamba mama yake alitoka nyumba kubwa yenye watumishi, alikuwa ameshika mpini wa mkokoteni kama mtu anayezama.

"Shikamoo, mama," akasema kwa sauti ndogo. Sikuwahi kumsikia akimwamkia kabla ya siku ile.

"Marahaba. Tulikuwa tunakaa bega kwa bega, mimi na yeye. Ulipopata cheo ukamfungia ndani asionekane. Nilikuja kumwona siku moja tu, akaniapisha nisiseme, usije ukaaibika. Ndiyo maana sipiti kwako. Ningepita ningesema." Mama akapumua. "Lake ulilihifadhi. Langu liko wapi?"

Nilitegemea atajikunja zaidi. Badala yake akanigeukia mimi, na nikaona kwamba huyu bwana naye anajua kulipa.

"Yasiyochukuliwa na watu yalimwagwa kuwa kifusi," akasema polepole. "Mengine yamevunjika, mengine mazima. Yako chini ya safu ya maduka. Na lako lilikuwa kati ya yale ya kwanza, mama, tuliyoyamwaga upande wa mwisho. Pale anaposhonea mwanao."

Ile safu ya maduka yote ni yake, isipokuwa chumba cha mwisho, nilichokinunua kabla hajavinunua vingine. Kumbe miaka yote hiyo nilikuwa nakanyaga pedali ya cherehani juu ya jiwe la mama yangu, nikimsema Meya kwa kukanyaga la mlangoni kwake.

Mama aliweka mkono juu ya jiwe la rafiki yake, akajiinua.

"Basi wewe una pa kuja kumkumbukia mama yako," akamwambia. "Huyu wangu atanikumbukia wapi?"

Meya akatazama chini. Labda aliona aibu. Labda mwanadamu mwingine angemwonea huruma, na mimi nilijitafuta ndani nikaikuta huruma yenyewe, ndogo, nikaiweka pembeni. Kwa sababu hili ndilo lililonichoma kuliko lile nililokuwa nimelidhania: mtu aliyejua thamani ya jiwe la mama, akaliokoa la kwake, na la mama yangu akalifanya kifusi.

"Katibu," nikasema, "kikao bado kiko wazi?"

Mwalimu akatazama watu waliojaa ukingoni. "Akidi imetimia."

"Natoa hoja. Kila duka lililokaa juu ya mawe ya kijito, sakafu ichimbwe, mawe yatoke."

Fundi baiskeli akaunga mkono kabla sijafunga mdomo. Meya akacheka, cheko fupi, la kwanza siku ile.

"Unajua kanuni," akasema.

"Naijua."

"Utabomoa riziki yako?"

"Mikono juu," akasema mwalimu, na ikainuka ukingo mzima. Mama alinitazama. Nikangoja aniambie niachane nayo. Akainua mkono wake uliopinda, juu kadiri bega lilivyomruhusu.

Mchana huohuo tulitoa cherehani, meza ya kukatia, vioo na majora ya vitambaa, tukavipanga barabarani. Mama akakalishwa mlangoni, mahali pa kuonea kila kinachotoka. Wateja walipita wakiuliza nahamia wapi. Meya naye alikuja, hakuweza kujizuia, akasimama kizingitini aone nikianza. Nikachukua suruali yake mpya, ambayo bado haijapindwa, nikampa aishike.

"Hii utaingoja kidogo," nikamwambia. "Nikimaliza humu, zamu inahamia upande wa pili wa ukuta huu, dukani kwako."

Nikatema mate viganjani, nikapiga sururu pale kilipokuwa kiti changu.