Kamba ya Mlango wa Gereji

"Sasa niambie wewe," mzee Haresh alisema, kijitabu cha maelezo mkononi. "Fundi anasema stima ikipotea, hii mlango inakufa. Anataka tuagize betri. Tuweke ama tuache?"

Nyamweya alikuwa amepiga magoti gerejini akizoa vumbi la simiti lililodondoka fundi alipotoboa ukuta. Hakutegemea kuulizwa. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa mlinzi wa nyumba hii iliyo mlimani juu ya mji wa Nyamira, na kazi yake kubwa ilikuwa mlango huu. Akisikia honi ya Peugeot ya mzee kwenye kona, hushika mpini na kuuinua ule mzigo wa chuma kwa pumzi moja. Sasa chini ya dari paliningʼinia mota nyeupe kutoka Nairobi, na Ronak, kijana wa mzee, alikuwa ndani ya gari akibonyeza rimoti kama mtoto aliyepewa filimbi. Mlango ukapanda wenyewe. Ukashuka wenyewe. Nyamweya aliutazama akiwa na fagio mkononi.

Swali lile alilielewa kuliko aliyeliuliza. Betri ikifungwa, mlango hautamhitaji mtu tena. Betri isipofungwa, kila stima itakapopotea wataita jina lake, na mwaka ule wa mvua ya El Niño nguzo za stima zilikuwa zikilala chini kila wiki.

"Mzee, betri ya nini?" akasema. "Stima ikipotea, mimi niko."

Ronak alitoka garini akapinga. Mke wake Sneha alikuwa na mimba ya miezi minane, alisema, na Nyamweya ni Msabato. Ijumaa alasiri anashika njia ya kwao, harudi mpaka Jumapili asubuhi. Je, Jumamosi nani ataufungua? Nyamweya akamwonyesha kamba nyekundu iliyoningʼinia kwenye reli ya mota. Fundi alikuwa ameeleza: ukiivuta, mlango unaachana na mota, kisha unauinua kwa mkono kama zamani. Akaahidi kumfundisha kila mtu wa nyumba ile, hata mama Padma.

Haresh akakifunga kijitabu. Alikuwa amemjua fundi kwa siku mbili. Alimjua Nyamweya tangu Ronak akiwa mwanafunzi. Betri haikuagizwa.

Jioni hiyo Padma, mke wa mzee, alifunga ndimu na pilipili kwenye uzi akautundika mlangoni, kinga ya jicho baya, kama alivyofanya kwa kila kitu kipya. Ronak alipobonyeza rimoti, ndimu ilinaswa ukingoni ikapasuka, maji yake yakachuruzika juu ya rangi mpya. Padma aliyatazama. Akaenda kuleta ndimu nyingine, na Nyamweya, ambaye siku zote alicheka ndimu zake kimoyomoyo, safari hiyo hakucheka.

Kufundisha kwenyewe hakukufanyika. Wiki ya kwanza alisema kesho. Wiki ya pili akapanda ngazi, akaikunja ile kamba nyekundu na kuifunga juu ya boriti, upande wa nyuma, mahali ambapo jicho halifiki. Padma alipouliza imekwenda wapi, akamwambia tu kwamba ameiweka mbali, maana wageni wakija na watoto, watoto watabembea nayo waumie. Padma akamsifu kwa kuwaza mbali. Hapo Nyamweya aliona haya, maana alijua vizuri anachokifanya. Lakini mtu aliyeinua mlango miaka kumi na mmoja hakubali kufukuzwa na kidude kinachotoshea mfukoni mwa shati. Aliacha kamba pale juu.

Na mambo yakaenda. Mara tatu stima ilipotea, mara tatu akapita mlango mdogo wa pembeni akaingia gizani, akapapasa boriti, na kufumba na kufumbua chuma kikapanda. Haresh aliwaambia wageni wake, "Huyu ndiye betri yangu," wakacheka wote. Nyamweya alicheka kuliko wote. Zilikuwa siku nzuri, asikudanganye mtu; mficha kitu hulala usingizi mnono mpaka kile kitu kitakapohitajika.

Ijumaa moja ya mwezi wa kumi na moja, akijiandaa kuondoka, alimkuta Sneha amesimama kwenye ngazi, mkono mmoja kiunoni. Mgongo ulikuwa ukimuuma tangu alfajiri. Ronak alikuwa Kisumu kununua bidhaa za duka, angerudi Jumapili. Nyamweya akatazama jua. Lilikuwa limeanza kuinama, na Sabato haimsubiri mtu. "Pole, mama," akamwambia, akachukua mwavuli wake akaenda zake. Kamba ilimjia akilini alipofika mtoni. Akajiambia kwamba siku moja si kitu.

Kanisa lao lilikuwa ngʼambo ya bonde, na jirani yake, ukutani kabisa, kulikuwa na kinu cha Angwenyi cha kusagia mahindi kwa stima. Angwenyi alikuwa Mkatoliki, na kila Jumamosi kinu chake kilinguruma katikati ya mahubiri. Wazee wa kanisa walikwisha kumwendea mara nyingi bila mafanikio. Asubuhi hiyo nacho kilikuwa kikinguruma. Juu ya milima ya Manga wingu lilikuwa limesimama, jeusi kama sufuria ya kuni, na radi ilikuwa ikizunguka huku na huku. Radi si jambo geni katika nchi ile. Mhubiri alipandisha sauti tu.

Kisha kinu kikanyamaza.

Waumini wakashusha pumzi. Mzee mmoja wa benchi la mbele akasema "Amina" ya chinichini, na watu wakatabasamu. Nyamweya peke yake hakutabasamu. Kinu kikizimika hivyo, stima imepotea hata kule mlimani. Alisubiri kinu kiwake tena. Alisubiri aya nzima ya mahubiri, kisha nyingine, akiomba Mungu amrudishie Angwenyi kelele zake. Kimya. Akainuka, akavuka upande wa wanawake macho yote yakimtazama, akamwinamia mkewe Bonareri.

"Naenda Nyamira."

"Siku ya Sabato? Kuna nini?"

"Kuna kamba niliifunga," akasema, na sauti yake ilimtisha yeye mwenyewe.

Bonareri hakuelewa, lakini aliuona uso wake. "Ngʼombe akitumbukia kisimani hutolewa hata Sabato," alisema polepole. "Nenda."

Mvua ya mawe ilimkuta kwenye mteremko. Iliyapasua majani ya migomba, ikapukutisha machani ya watu kwenye michai yakatapakaa chini. Hakujificha. Mto ulikuwa umepanda mpaka kwenye mbao za daraja, maji mekundu yakibeba vigogo. Akavuka ameshika viatu mkononi, maana vilikuwa vya kanisani. Njia ya mlimani ilikuwa tope tupu. Hakuna gari lingekubali kuipanda, aliwaza, na gari pekee lililokuwa huko juu lilikuwa limefungiwa ndani. Nyumba za majirani zilikuwa kimya, wenyewe, Wasabato kama yeye, wote wako makanisani.

Alisikia sauti kabla ya kufika: chuma kikipigwa kwa chuma. Akapita mlango wa pembeni. Ndani, kwa mwanga wa tochi iliyowekwa juu ya boneti, Haresh alikuwa akiusukuma mlango kwa mtaimbo, shati limelowa jasho, viganja vikitoka damu. Mlango ulikuwa umepinda chini, haukuinuka hata kidogo. Kwenye kiti cha nyuma cha Peugeot Sneha alikuwa amelala, kichwa kwenye mapaja ya Padma. Hakuwa akilia. Alikuwa akigumia kwa sauti moja ya chini, na kitambaa alicholalia kilikuwa kimetota damu.

"Tangu saa tatu alikuwa na uchungu, akasema tungoje," Haresh alisema. "Saa tano damu ikaanza. Tunaingia gari, stima imepotea. Nimepiga simu dukani kwetu, hakuna mtu. Hii kamba, Nyamweya. Natafuta hii kamba saa nzima."

Nyamweya alipanda juu ya pipa, akapeleka mkono nyuma ya boriti, na vidole vyake, vilivyoijua njia, vikafungua fundo. Kamba nyekundu ikaanguka mbele ya uso wa mzee. Akaivuta. Akashuka, akaingiza bega chini ya chuma kilichopinda, akainua.

Mwanga wa mchana ukaingia. Yote hayo hayakuchukua hata dakika moja, na wote wawili walijua.

Haresh aliitazama kamba, kisha fundo, namna lilivyoacha alama kwenye nyuzi zake. Akamtazama Nyamweya. Hakukuwa na hasira usoni mwake, na hilo ndilo lililomchoma Nyamweya zaidi. "Ilikuwa hapo," mzee akasema. Akaingia garini. Peugeot ikateremka ikiyumba kwenye tope, kuelekea barabara ya hospitali ya Kisii, mpaka mlio wake ukamezwa na mvua.

Nyamweya alibaki. Aliokota mtaimbo akauweka mahali pake. Aliosha damu iliyodondoka sakafuni, akarudia kuosha, ingawa ilikuwa Sabato. Mvua ilikatika. Alasiri ikapita, na hakuna gari lililopanda mlima.

Jua lilipokaribia kuzama, stima ilirudi. Taa ndogo ya mota ikawaka darini. Ngʼambo ya bonde kinu kikaanza kunguruma tena. Na muda si mrefu juu ghorofani, katika nyumba iliyofungwa, simu ikaanza kulia.

Ufunguo wa mlango wa ngazi ulikuwa msumarini, hatua tatu kutoka alipokuwa. Nyamweya alisimama chini ya mlango ulio wazi, kamba nyekundu ikiwa mkononi, akaisikiliza simu ikilia, ikikatika, ikianza tena.