Kiti cha Mbele

Remigius alikuwa amemwahidi mama yake kiti cha mbele. Kila alipopita nyumbani Ganako na landkruza ya kampuni ya watalii, vumbi likiwa bado kwenye nyusi, alimwambia kwamba masika, wageni wakipungua, atampandisha mbele kama mtalii, akaone hiyo kreta inayowalisha wote. Masika zikaja, zikapita. Kisha Remigius akaugua, akafa, akazikwa kando ya shamba la maharage. Na sasa mdogo wake, Patrisi, alikuwa amepiga simu kusema Jumamosi anakuja kumchukua mama akaishi naye Mbulu, maana nyonga yake ilikuwa imezidi kuuma, na kule hospitali iko karibu na watu wa kumbeba wapo.

Antonia, mjane wa Remigius, alipokea simu hiyo akiwa anachambua maharage. Alimaliza kuchambua, akafunika ungo, akavaa viatu, akashuka Karatu mjini kutafuta gari. Tangu mazishi mambo yalimfikia kwa mbali, kama redio ya jirani. Lakini hili la kreta alijua halina siku nyingine. Nyonga ile ikifika Mbulu haitarudi.

Basi la Loliondo lilikuwa rahisi, ila lingewapitisha ukingoni mwa kreta bila kusimama, na mama hawezi kukaa kwenye kiti kigumu hata hadi kanisani. Madalali wa stendi walimtajia bei ya gari zima, wakamwangalia kanga yake, wakarudi kwenye simu zao. Mwishowe akamwendea Dickson, dereva kijana aliyefundishwa kazi na marehemu.

Dickson alimweleza taratibu. Kinachokula pesa ni kushuka chini kwenye kreta. Ukiishia juu ukingoni, pale magari yanaposimama watu waangalie, na kitambulisho cha uraia unacho mkononi, kiingilio cha getini si kitu. Gari mnachangia, na masika hii wenye magari wanaona heri kidogo kuliko gari liote kutu. Tayari alikuwa na Hanifa, muuza vitenge wa sokoni, na dada zake wawili waliotaka picha.

Antonia aliuliza jambo moja tu, kiti cha mbele. Dickson alikuna kichwa. Hanifa alishakishika.

Alhamisi asubuhi Hanifa alikuwa ameketi mbele, ndimu mkononi. Alitangulia kusema kabla hajaombwa. "Mimi nikikaa nyuma natapika. Si maringo. Ulizeni hawa."

Dada zake walithibitisha, tena kwa mifano.

Mama Penina, mama yake Remigius, alikuwa amesimama kwenye matope, fimbo mkono mmoja, mto wa kukalia mkono mwingine. Alikuwa amevaa gauni la Pasaka. Hakuomba chochote. Hanifa alimtazama, akautazama ule mto, akashuka.

"Panda, bibi. Lakini Diki, kona uzichukue polepole, ama utaosha gari wewe."

Antonia aliweka mto, akamwinua mama mkwe wake, akamfunika miguu kwa blanketi, akasukuma kiti nyuma ili mguu ule mbaya unyooke. Mama alisema kiti ni kizuri. Njia nzima alishika kishikio cha mlango kama mtu aliyezoea.

Walipopita geti msitu ukafunga, na ukungu ukaanza. Ulizidi kila kona. Dickson aliwasha taa. Hapo Antonia akaelewa kwa nini masika ni bei poa. Ameishi na dereva wa kreta miaka yote ile na hakuwahi kulifikiria.

Ukingoni hapakuwa na kitu. Ukuta mfupi wa mawe, na nyuma ya ukuta, weupe. Dada zake Hanifa walijaribu picha moja, wakaitazama, wakaifuta.

"Diki," Hanifa alisema, uso umemsawijika kwa kichefuchefu, "mvuke huu mbona hata jikoni kwangu upo?"

Walisubiri. Weupe haukusogea. Antonia aliangalia viatu vyake vilivyolowa. Alijua wamekosa walichokijia, na kwamba angepaswa kuumia, lakini alichokisikia ni baridi ya vidole tu.

Mama Penina, aliyekuwa bado garini, aligonga kioo. Alitaka kujua Remigius alikuwa akisimama wapi na wageni wake. Dickson akamwonyesha pembe ya ukuta, na mama akataka apelekwe pale. Walimshika huku na huku. Aliweka kiganja juu ya jiwe lililolowa, akakiacha hapo.

"Siku ya ukungu aliwaambiaje?"

Dickson alikohoa. "Alikuwa anasema kreta haijaenda popote, imejifunika tu. Halafu anawaonyesha hivyohivyo." Akanyoosha mkono. "Kule chini kuna ziwa, bibi, la magadi, linang'aa. Huku ni msitu wa Lerai, tembo wazee wanakaa humo. Na ile kama michanga iliyomwagika ni nyati."

Mama aligeuza kichwa kila mkono ulipoelekea. Aliuliza kama nyati ni wengi. Dickson akasema ni wengi.

"Imejifunika tu," mama alisema, akaomba arudishwe kwenye kiti chake.

Jumamosi Patrisi alifika na gari la kuazima. Mama alikunywa chai akimsimulia ziwa linavyong'aa, tembo msituni, nyati kama michanga, na jiwe ambalo Remigius alikuwa akiliegemea. Patrisi alisikiliza mdomo wazi. Walipokuwa wakipakia mizigo alimvuta Antonia kando.

"Shemeji, mlibahatika. Wakati huu wa mwaka si kunakuwa na ukungu?"

Antonia alikuwa ameshika ule mto. Aliukung'uta, akauweka kwenye kiti cha mbele.

"Ulipungua," alisema. "Aliona yote."

Gari lilipopinda kwenye mikaratusi alirudi ndani, akaosha vikombe vitatu, akavifunika.