Aliyesahihisha Hakunijua

Bomba lilikohoa gizani, likatema hewa, kisha maji yakaanza kugonga ndoo. Evarista akakurupuka. Mtaani kwao Nkuhungu, Dodoma, maji yakitoka hayamsubiri mtu. Akajaza vyombo vyote, akamwogesha Jenifa, bintiye wa miaka minne, akamfunga mgongoni. Asubuhi hiyo alikuwa na usaili kwenye chuo cha uuguzi, na hakuwa na wa kumwachia mtoto.

Wasaili walikuwa wawili: Mwalimu Ernest, na mama mtu mzima, Sista Hilda, aliyekuwa akinywa chai.

"Shikamooni."

"Marahaba. Kaa, dada." Ernest akafunua faili. "Biolojia B, Kemia B, Fizikia C. Nisikufiche, umewapita wengi walioko hapo nje. Ila barua ya tabia kutoka kwa mkuu wa shule haimo."

"Nilisoma masomo ya jioni, mwalimu. Mtihani nikafanya kama mtahiniwa wa kujitegemea."

"Na kabla ya hapo?"

"Nilifika kidato cha tatu, kwetu Kibakwe. Nikapata huyu." Jenifa alikuwa sakafuni, anavua kiatu.

"Basi ungemwendea mkuu wako wa zamani."

"Nilimwendea. Anachokumbuka kwangu ni tumbo."

Sista Hilda akapaliwa na chai. Ernest hakucheka. "Alama peke yake hazitoshi siku hizi, dada. Tunamtazama mtu mzima mzima. Jaribu mwakani."

Evarista akainuka nusu. Miguu ilishakubali kutoka. Moyo ndio uliogoma. Akazikumbuka zile jioni, mtoto ananyonya huku yeye akihangaika na kemia kwa mwanga wa simu. Kwenye chumba cha mtihani hakuna aliyemuuliza baba wa mtoto ni nani. Karatasi ilimuuliza habari za figo, naye akaijibu.

Akakaa tena.

"Sitoki. Aliyesahihisha hakunijua, mwalimu. Hakuona tumbo, hakujua kama nina mume au sina. Alipewa namba, akasoma nilichoandika, akanipa B. Na mtihani ni uleule waliofanya hao wenye barua. Mkitaka kunijua mzima mzima, niulizeni mimi, si nipo hapa? Yule mkuu wa shule msimuulize. Mtihani wangu hakunifanyia yeye."

"Dada, nitamwita mlinzi."

"Mwite. Atanikuta nimekaa."

Sista Hilda akaweka kikombe chini, akalivuta faili upande wake. "Ernest, hebu tulia kwanza. Haya, mwanangu. Mgonjwa ameletwa, katapika usiku kucha, hana nguvu hata ya kuongea. Unaanzia wapi?"

Evarista akavuta pumzi. Kabla hajajibu, mlango ukafunguka. Kijana mmoja mwenye tai, wa wale waliokuwa wakisubiri nje, akaingia na bahasha yake, akasimama akikitazama kiti pekee kilichokuwa mbele ya meza.

Jenifa akainua uso, kiatu mkononi.

"Hiki ni kiti cha mama."