Hruska Hakustaafu

Vern Hruska hakuwahi kusema anastaafu. Tuelewane hapo kwanza. Miaka thelathini na minane alikuwa kocha wa besiboli katika chuo kile kidogo cha Nebraska. Asubuhi ya mechi ya mwisho ya msimu, mkurugenzi mpya wa michezo, Bi Paulette Kimball, alimwita ofisini akamsukumia karatasi.

"Utasoma hii kabla ya mechi, mistari minne tu," alisema. "Unastaafu kwa hiari, unashukuru, na uwanja tunauita kwa jina lako."

"Nisiposoma?"

"Mkataba wako unaisha Juni, Kocha, na hatuuongezi. Kocha mpya, yule wa Kansas, ameshasaini."

"Kwa hiyo mmenifukuza."

"Hilo neno hatulitumii hapa. Soma, upate uwanja. Usiposoma, hakuna uwanja. Na tafadhali uvae suti."

Suti, ati. Katika besiboli kocha huvaa jezi kama vijana wake, hata awe na kitambi cha namna gani. Hruska alikuwa na suti moja tu, ya mazishi.

Na usidhani jina lile hakulitaka. Alilitaka mno. Nyasi za uwanja ule alizipanda kwa mikono yake, na kila mvua ilipokatika yeye ndiye aliyetangulia na reki kusawazisha udongo. Alitamani wajukuu wapite barabarani walisome jina lao pale juu. Alirudi kuvaa jezi roho inamuuma.

Saa saba mchana watu walikuwa wamejaa. Bi Kimball akasimama na kipaza sauti, akamvika mzee kilemba cha ukoka mpaka wengine wakaanza kufuta machozi. Kikaletwa kiti cha bembea, zawadi wanayopewa wakongwe wa mchezo huu wakiagwa. Kisha akampa Hruska kipaza sauti, na hapo ndipo alipokosea.

"Nimepewa karatasi," Hruska alisema. "Inasema nastaafu kwa hiari. Ni uongo. Nimefukuzwa."

Akaikunja ile karatasi.

"Vijana wangu wanajua sheria yangu. Ukidondosha mpira, unajipiga kifua mbele ya watu wote, unasema kosa ni langu. Humtupii mwenzako, hulizibi kwa maneno matamu. Basi na chuo nacho kijipige kifua. Kiseme, tumemfukuza. Mimi sitakisemea."

Bi Kimball akampokonya kipaza sauti, akamnong'oneza huku anatabasamu kwa ajili ya kamera. "Jina umelipoteza, mzee."

"Jina nilikuja nalo," alisema Hruska. "Kiti mpe yule wa Kansas, atakihitaji."

Timu yake ilipoingia kupiga, akaenda kusimama kando ya kituo cha tatu, mahali pake pa siku zote pa kuwapa wapigaji ishara. Mikono ilikuwa inamtetemeka, akaificha katika mifuko ya nyuma. Alikuwa amepoteza kazi na uwanja kwa siku moja, na hasira ilikuwa bado haijamtoka. Mpigaji wa kwanza, Trent Oberle, akamtazama apewe ishara. Kwa kawaida Hruska huwaambia waache mpira wa kwanza upite, wampime mrushaji.

Akautoa mkono mfukoni, ukitetemeka hivyohivyo mbele ya watu wote, akampa ishara ya kupiga.