Jicho la Kulia Mara Mbili

Mjomba wangu ni fundi cherehani, mbishi hata kwa sindano. Siku zile alikuwa akijigonga milangoni kwa bega la kushoto, kisha anailaumu milango. Ndipo nikamburuta kliniki, ambako kazi yangu ni kupiga picha za nyuma ya jicho.

"Weka kidevu hapa, mjomba. Usipepese."

"Wewe niliyekushonea kaptula ya kwanza ndiye wa kuniamrisha?"

Jicho la kulia lilitoka safi. La kushoto akalipepesa, picha tatu zote ukungu. Kabla ya ya nne akaanza kumwigiza shangazi anavyopimwa gauni na kukataa kipimo cha kiuno chake. Nikacheka, nikabonyeza. Kompyuta inayokagua picha ikaleta kijani mara mbili: hakuna dalili ya glakoma, ugonjwa unaoua neva ya jicho kimyakimya. Mjomba akachukua kofia yake, huyoo.

Nilipokuwa nahifadhi picha, kicheko kikaniisha. Ndani ya jicho kuna duara la manjano, pale neva inapoingilia, nalo hukaa upande wa pua. Kwenye picha ya jicho la kulia huonekana kulia, la kushoto kushoto. Mjomba alikuwa nalo kulia kwenye picha zote mbili.

Nilimkuta getini akimkosoa mlinzi pindo la suruali.

"Mjomba, nilipocheka ulinipa jicho lile lile mara ya pili."

"Dukani natundika nguo nzuri, sio viraka."

"Kwa hiyo unajua kuna kiraka."

Mlinzi akajifanya anaangalia barabara.

Mjomba alirudi kitini. Safari hii niliishika kope ya jicho la kushoto kwa kidole changu. Shimo dogo la katikati ya lile duara la manjano lilikuwa limetanuka karibu kulimeza lote. Kompyuta ikaleta nyekundu. Daktari, mama asiye na utani, akampima presha ya jicho na upana wa kuona.

"Ni glakoma, mzee. La kushoto limepoteza nusu ya uwezo wa kuona, na hiyo hairudi. La kulia bado zima. Matone haya yatalinda kilichobaki, kila siku, bila kuruka."

"Mpaka lini?"

"Maisha yako yote."

Mjomba aliigeuza chupa ya matone vidoleni kama anatafuta mshono wake. Kisha akanipa.

"Anza wewe, mpwa wangu. Mimi nitapepesa."

Alipepesa kweli. Tone la kwanza likaishia shavuni. La pili likaingia.