Fahali Asiyelia

Kitendawili! Nina fahali wawili. Mmoja hunguruma tangu asubuhi mpaka jioni, na hajampiga mtu pembe. Wa pili hajalia tangu azaliwe. Yupi nimfunge kamba? Usinipe mji kwanza. Tulia nikusimulie ya Abdiel, maana yeye alikitegua kwa kidole chake mwenyewe.

Abdiel alikuwa fundi wa injini ndogo, kibanda chake kiko Elerai, na mikono yake ilikuwa imekula oili miaka thelathini. Alianza na chensoo za wapasua mbao wa huku juu Meru. Alizitengeneza mpaka akawa anaujua ugonjwa kabla mwenye mali hajaitua begani. "Iwashe," anakwambia, kisha anageuza uso kando, kama padre anayesikiliza maungamo. "Inavuta hewa kwenye gasketi. Zima." Na kweli ukifungua, ni gasketi.

Basi mashindano ya mabagi yalipoingia Arusha, alijikuta mfalme. Bagi ni gari la rimoti, lakini usifikiri ni kichezeo cha mtoto. Urefu wake kama mbuzi aliyelala, matairi yana meno, ukilibeba mgongo unajua umebeba. Tumboni lina injini ya petroli ya ukoo uleule wa chensoo. Watu wazima wenye wajukuu walikutana kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, nje kidogo ya Kikatiti, ndani ya shimo lililochimbwa moramu zamani. Shimo hilo lina kuta ndefu kuliko nyumba na njia moja tu ya kushukia, nayo inakatiza uwanja wenyewe. Mashindano yakianza, hakuna anayepanda wala kushuka. Moshi ukiingia mle hautoki, na kelele nazo hazitoki.

Abdiel alipapenda kwa sababu hiyohiyo. Macho yake yalikuwa ya kawaida tu; kuendesha aliendesha kwa sikio. Alisimama juu ya jukwaa la mbao, rimoti mkononi, na injini ikamweleza yote: sasa nimeingia kona, sasa tairi limeachia, punguza, haya nipe. Alishinda miaka saba akiwa amefumba jicho moja kwa ajili ya moshi.

Kisha akaja Brightness.

Huyu ni mtoto wa marehemu dada yake, fundi simu kule Levolosi. Siku moja akashuka shimoni na bagi lisilo na injini. Ndani betri mbili na mota, basi. Alipolikimbiza mara ya kwanza, likapita mbele ya watu kwa sauti ya mbu.

"Hii ni blenda!" Abdiel akapiga makofi. "Mpwa wangu, weka parachichi tunywe!"

"Cheka, Mjomba," akasema Brightness. "Mwakani tutakunywa wewe."

Mwaka ule wa kwanza betri zilipata moto, akamaliza wa mwisho. Wa pili, alikuja na betri nyingine, akamaliza wa pili. Mwaka wa tatu aliwaacha wote mpaka hakuna aliyemwona hata mgongo, na watu wakaanza kubadilisha, mmoja baada ya mwingine. Hakuna kuvuta kamba mpaka bega liteguke, hakuna kuchanganya oili, hakuna kusafisha kabureta Ijumaa nzima. Unachomeka, unakwenda. Kibandani Elerai injini zikaacha kuja.

Usidhani Abdiel alikuwa mkaidi bure. Alijaribu. Alimwomba Brightness rimoti siku moja, watu wakiwa wameshaondoka, akalipindua gari kwenye kona ya kwanza. Akalipindua ya pili. Halikumwambia chochote! Alikuwa kama mtu anayeulizwa njia na bubu. Akarudisha rimoti, akasema mgongo unamuuma.

Sasa chama kina kanuni: kundi haliitwi kundi mpaka magari matatu yasimame kwenye mstari. Romanus, mwenyekiti, aliisoma katika kikao kwa sauti ya taratibu, kama anayetoa habari ya mgonjwa. Jumamosi ijayo saa tano, petroli wakiwa pungufu ya watatu, kundi lao linafutwa daftarini. Abdiel akahesabu. Yeye mmoja. Mzee Hans, mwalimu mstaafu, wa pili. Wa tatu Lomayani. Akalala usingizi mzuri, maana Lomayani hakuwa mtu wa kumtilia shaka.

Lomayani ni mfugaji wa upande wa magharibi mwa mlima. Mwaka mmoja wa ukame Abdiel alipanda huko kumtengenezea pampu ya maji, akakesha nayo siku mbili mpaka ikatema. Lomayani akamletea kondoo jike. Kwao, mkishapeana kondoo hamuitani tena kwa majina. Wewe ni Pakerr, naye ni Pakerr, mpaka mmoja amzike mwenzake. Ni Abdiel huyohuyo aliyemfundisha bagi.

Jumamosi ikafika. Abdiel alishuka shimoni saa tatu, akalipanga gari lake mstarini, akalipangusa. Mzee Hans akaweka la kwake. Nafasi ya tatu ikabaki wazi, mchanga mtupu.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Umemwona Pakerr wangu?"

Brightness akainama kufunga kamba ya kiatu ambayo ilikuwa imefungwa. "Anakuja," akasema.

Saa tano kasoro dakika chache, Lomayani akashuka ile njia, bagi begani limefunikwa shuka. Abdiel akampungia mkono. "Pakerr! Umetutia presha! Lete, lete hapa!"

Lomayani akasimama. Alimtazama Abdiel, akaitazama nafasi ya tatu, kisha akapita nalo, na shuka lake, moja kwa moja mpaka kwenye mstari wa pili, ule wa akina Brightness. Alipolifunua, gari halikuwa na bomba la moshi.

Mzee Hans akakohoa. Akachukua gari lake akalirudisha kwenye boksi. Romanus akatazama saa yake, akapiga mstari daftarini. Alitumia rula.

Abdiel alitaka kwenda nyumbani. Akabeba gari lake mpaka kwenye njia, akakuta bendera imeshashushwa: mashindano ya kwanza ya betri yanaanza, hapandi mtu. Njia ndiyo hiyo moja. Akasimama pale na mzigo wake kama mgeni aliyefungiwa ndani ya nyumba ya watu.

"Mzee Abdiel!" Romanus akamwita. "Kona ya ukutani haina mwokotaji."

Hapo ndipo desturi ya shimoni ilipomkamata. Asiyekuwa jukwaani yuko uwanjani. Gari likipinduka, aliye konani analiinua na kuliweka sawa, na hakuna anayekataa, hata awe ametoka msibani. Abdiel mwenyewe ndiye aliyeiweka desturi hiyo siku za ufalme wake. Akaliweka gari lake chini, akaenda kusimama chini ya ukuta mwekundu kuwaokotea watu mablenda.

Nane yaliondoka. Yalipita mbele yake kwa vumbi na kokoto, lakini bila sauti ya kushika. Hakujua lipi linakuja, lipi limekwenda. Alijiona kama yuko ndani ya pipa lililofunikwa, na nje watu wanaendelea na maisha. Mzunguko wa nne, gari la Lomayani likagonga ukuta, likapaa, likatua chali miguuni pake.

Sikiliza kosa lake, maana asiye fundi wa petroli hawezi kulifanya. Abdiel hakutazama jukwaani. Alisikiliza. Miaka yote ile sikio lilimwambia: inanguruma, ngoja, imenyamaza, imekufa, shika. Akasikiliza, kimya. Akashika tairi la nyuma kwa mkono wa kushoto, goti chini, aligeuze.

Kule juu Lomayani, kwa vumbi lile, aliona gari linatikisika akadhani limeshawekwa sawa. Akavuta kidole kwenye rimoti, gari lipate kasi.

Tairi likazunguka mara moja tu. Likabeba mkono wa ovaroli, likausokota kwenye shafti, likamvuta Abdiel mpaka akalala kwenye moramu, shavu juu ya gari. Kidole kidogo kikaingia kati ya tairi na chuma, kikalia ta! kama kijiti cha kuni.

"Simamisha!" mtu akapiga kelele. Magari mengine yakasimama. Lomayani akaona. Naye ni mtu wa petroli: hatari ikitokea, unazima. Dole gumba likaenda kwenye swichi.

"Usizime rimoti, Mzee Lomayani!" Brightness alikuwa upande wa pili wa uwanja, anakimbia. "Ukizima hatujui litafanya nini! Achia kidole, usiguse kitu!"

Lomayani akaganda, kidole bado kimegusa rimoti. Abdiel chini hawezi kutoka, Lomayani juu hawezi kushuka. Kila mkono wa Lomayani ulipotetemeka, tairi lilijisogeza unywele mmoja, na nguo ikamkaba Abdiel zaidi kwenye kifundo. Shimo zima likanyamaza. Siku za petroli ungepiga yowe usisikike. Sasa mtu angeweza kunong'ona akasikika mpaka kwenye jukwaa.

"Pakerr," akasema Abdiel, mdomo umejaa vumbi.

"Naam, Pakerr."

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka."

"Na hukuniambia."

"Nilikuja Elerai mara tatu kukuambia. Mara tatu ukanikaribisha chai. Yule kondoo alinikwama kooni."

"Mbona hukuleta hata la zamani lisimame tu mstarini?"

"Nimeshaiuza injini yake, Pakerr. Huku betri, huku petroli, siwezi kuchunga mazizi mawili."

Tairi likajisogeza tena, na safari hii, kwa kuwa sikio la Abdiel lilikuwa limelala juu ya chuma chenyewe, akasikia kitu. Krr. Kidogo, kavu, kama panya anayetafuna gunzi. Akashika pumzi. Krr, tena. Nyuma yake kulikuwa na uimbo mwembamba ambao hajawahi kuusikia akiwa amesimama, kama sufuria inayokaribia kuchemka. Kumbe fahali alikuwa macho muda wote, anapumua.

Brightness akafika, akapiga magoti, akachomoa waya wa betri. Ule uimbo ukakatika. Akaikata ovaroli kwa mkasi, akaushika mkono wa mjomba wake, akaanza kulia na kumgombeza kwa pamoja. "Mjomba, si nilikuambia, si nilisema mtazame kwanza aliye jukwaani, Mjomba..."

"Uliniambia," akasema Abdiel. "Nilikuwa nasikiliza."

Walimfunga kidole kwa kipande cha boksi. Lomayani alishuka, akasimama mbele yake, mikono haijui pa kwenda. Wote walingoja Abdiel amtukane. Hata mimi ningemtukana.

"Beringi ya nyuma, mkono wa kulia," Abdiel akasema. "Inakufa."

"Nini?"

"Ya gari lako. Haimalizi mwezi."

"Hilo gari ni jipya, Pakerr!"

"Basi mpya inakufa."

Mzee Hans akaanza kucheka, akaacha, maana hakuna aliyemfuata. Mstari wa rula ulibaki daftarini; kidole cha mtu hakifuti kanuni. Jioni Abdiel alipanda ile njia mikono mitupu, gari lake limebebwa na mpwa wake.

Daktari alimwambia wiki sita. Wiki sita kwa mkono mmoja ni wiki sita bila kuvuta kamba ya injini. Alikaa kibandani akizitazama zile injini rafuni, kimya zote, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaichukia nyumba isiyo na kelele. Mlango ulikuwa wazi, lakini alikuwa hana pa kwenda.

Jumatano Lomayani akaingia, shuka begani. Hakubisha hodi wala hakukaa. Aliliweka bagi juu ya meza ya ufundi, akazungusha tairi la nyuma kwa mkono. Sasa hata yeye aliisikia ile beringi.

"Zaidi yako sina wa kumpelekea," akasema.

"Brightness yupo."

"Brightness amelitazama kwa mashine zake, akasema ni zima. Pakerr, sikukuletea kondoo wa kuomba msamaha. Nimekuletea mgonjwa."

Abdiel alilitazama lile gari muda mrefu. Lilikuwa kimya, limelala, halina hata harufu. Sikio lake, lile lililokuwa mfalme, likamwambia kama lilivyomwambia siku zote: hili limekufa, shika.

Hakushika. Aliinamisha kichwa, akatafuta kwa macho, taratibu, waya baada ya waya, mpaka akauona wa betri. Akauchomoa kwa mkono mzima, akaitoa na betri yenyewe, akaiweka mbali na meza, mbali kabisa, juu ya rafu ya injini zake.

"Lete kiti, Pakerr," akasema. "Wewe ndiye utakuwa mkono wangu wa kushoto. Na usiguse mpaka nikuambie."

Haya, nipe mji wangu sasa. Au umeshajua ni fahali yupi wa kufunga kamba?