Debe la Bi Sheikha

Kifuniko cha sufuria kilikuwa kikitetema. Bi Tufaha alikisikia kabla ya adhana ya alfajiri, akadhani ni panya, akajikokota na magoti yake mabovu mpaka jikoni. Hapakuwa na panya. Upepo ulikuwa umepenya dirishani, unakichezea kifuniko juu ya pilau aliyoipika jana kwa ajili ya safari. Akakifunika kwa kitambaa, kikanyamaza. Moyo wake haukunyamaza.

"Amour," alimwambia mwanawe baada ya sala, "upepo huu siupendi. Baridi inaaga na joto halijaingia; siku kama hizi milimani hakuaminiki. Tungoje wiki ijayo."

"Mama, wiki nzima nimo ghalani, jua silioni. Jumapili yangu ndiyo hii." Amour alimbusu mkono, akacheka. "Tazama nje kulivyo kweupe!"

Asila, mkewe, alikuwa anatoka kwenda kazini dukani. Aliinama akamfunga viatu binti yao Rawan, wa miaka minane, kisha akamgeukia mkwewe.

"Mama, huyu nakukabidhi wewe. Mume wangu akifika porini naye huwa mtoto."

"Nimempokea," akasema Bi Tufaha.

Kutoka Al Mankhool, mtaani kwao Dubai, mpaka milima ya Hatta ni mwendo wa saa moja na nusu, na njiani hali ya hewa ilibadilika mara tatu: jua, kisha vumbi, kisha matone mazito yaliyopiga kioo na kukatika ghafla. Walipofika jua lilikuwa limerudi. Amour aliegesha gari juu barabarani, akabeba mkeka na sufuria, wakateremka kwenye wadi, bonde pana la mawe makavu ambalo maji hulipitia siku chache tu kwa mwaka. Wakatandika chini ya mgunga.

Juu yao palikuwa peupe. Lakini nyuma ya milima, mbali, wingu jeusi lilikuwa limesimama, na mara kwa mara radi ilimulika ndani yake bila sauti.

"Na lile?" akauliza Bi Tufaha.

"Lile liko Omani huko, Mama. Mpaka litufikie sisi tushalala."

Bi Tufaha akajituliza. Kwao Unguja mvua humrowesha aliye chini yake. Kama haikunyeshei, huna haja nayo. Miaka arobaini alikuwa ameishi Dubai, lakini yote kwenye maghorofa ya mjini. Wadi hakuijua.

"Bibi, niazime kifuniko nitie vijiwe vyangu," Rawan akaomba.

"Chukua, mke mwenzangu. Ukinirudishia na vumbi, pilau utakula wewe."

"Babu angenipa na sufuria."

"Babu yako alikuwa na mapenzi ya kupita kiasi, ndiyo maana nikamfunga kamba, usije ukaninyang'anya!"

Mtoto akacheka, akaenda akiokota vijiwe, akavuka mpaka ng'ambo, karibu na pale bonde linapopinda.

Ndipo wakasikia debe. Juu ya mwamba alisimama bibi mmoja mwenye baibui jeusi, mbuzi wake wamemzunguka, anagonga debe kwa fimbo. Bi Tufaha akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile.

"Masikini, anaamia ndege. Mimi nilipokuwa kama Rawan, nilipiga hivyohivyo kwenye mpunga wa baba, tangu alfajiri, ndege wasitue." Akainua mkono akampungia.

Bibi yule akazidi kupiga.

"Kakufurahia," Amour akasema, mdomo umejaa nyama.

Mkono wa Bi Tufaha ukabaki juu. Alitazama kulia, akatazama kushoto. Hapakuwa na mpunga. Hapakuwa na bustani, wala jani la kudonolewa. Na wale mbuzi walikuwa wakipanda mlima, mmoja nyuma ya mwingine, bila kuswagwa na mtu.

"Amour," alisema taratibu, "ndege gani anawafukuza? Hapa pana mawe tu."

Upepo ukaleta harufu ya udongo uliorowa. Kisha ukaja mngurumo, kama malori mengi yanateremka pamoja.

"Rawan!"

Amour alitupa sahani akakimbia. Bi Tufaha alitaka kumfuata, magoti yakakataa. Mkono mkavu ukamshika kwapani: ni yule bibi, ameshuka mwambani mbio.

"Panda, dada yangu, panda!" alisema kwa Kiarabu.

"Mjukuu wangu!"

"Baba yake anamfuata. Wewe panda!"

Alimvuta mwamba kwa mwamba. Bi Tufaha alipogeuka, Amour alikuwa anatokomea kwenye kona, na nyuma yake maji yanaingia. Hayakuwa maji aliyoyajua. Yalikuwa ukuta wa tope, umebeba magogo na mawe. Ulichukua mkeka, sufuria, na simu ya Amour iliyokuwa mkekani. Mgunga ukatikisika, ukalala.

Bi Tufaha aliita mpaka sauti ikakauka. Hakuna aliyejibu. "Nimempokea," ndilo neno alilomwambia Asila, na sasa lilimgonga kifuani. Atamwambia nini mama wa mtoto?

Yule bibi, aliyeitwa Sheikha, hakumwambia astahimili. Alipiga simu kuita waokoaji, kisha akavua shela yake akamfunika, akachuchumaa, akamfuta tope miguuni kwa pindo la nguo yake mwenyewe. 

"Kila mwaka siku kama hizi, mvua ikinyesha kule nyuma ya milima, napiga watu watoke bondeni," Bi Sheikha alisema. "Na watu wa mjini wananipungia mikono."

"Na mimi nilikupungia."

"Nilikuona."

Bi Sheikha akachukua debe, akapiga mara tatu, akasikiliza. Maji tu. Akapiga tena. Maji tu.

"Nipe mimi," akasema Bi Tufaha.

Alipiga kwa mikono miwili, kama alivyopiga utotoni, mpaka mabega yakawaka moto. Kisha akazuia pumzi.

Kutoka nyuma ya kona, kwa mbali sana: ti, ti, ti. Bati linagongwa kwenye jiwe.

"Kifuniko changu," akanong'ona. Akaanguka kusujudu palepale, paji la uso juu ya mawe makali.

Maji yalipungua alasiri, na waokoaji wakawaleta Amour na Rawan, waliokuwa wamekwea mwamba nyuma ya kona, kwa kuzunguka njia ya juu. Rawan alikuwa na mikwaruzo na kifuniko kilichopindika, hataki kukiachia. Amour hakuweza kumtazama mama yake usoni.

"Mama, nisamehe."

"Kwanza mshukuru mama yako huyu mwenye debe. Kisha mpigie mkeo kwa simu yake, umpe mtoto aseme naye. Mimi sina sauti."

Nyumbani kwa Bi Sheikha walikunywa kahawa na tende. Nyumba ilikuwa na vyumba vinne na mtu mmoja. Wanawe wote walikuwa mjini. Jua lilipoinama, alimsindikiza Bi Tufaha mpaka kwenye gari, amemshika mkono, hauachi.

"Utakuja tena?" aliuliza. "Njoo, dada yangu. Mlete na mtoto. Lakini ukisikia debe usinipungie mkono. Panda juu, kahawa iko tayari."